Uzamivu wa Thiolojia Hupima Nini?

Jumapili moja, tukitoka ibada kuelekea Rabai Road, mama mmoja wa ushirika wetu hapa Buruburu aliniuliza: "Mwalimu, baada ya kusoma miaka yote hiyo, sasa wewe unamjua Mungu kuliko sisi?" Nikamjibu hapana. Akasimama. Basi shahada ile ni ya nini?

Alikuwa na haki ya kuuliza. Shahada ya uzamivu katika thiolojia haipimi imani ya mtu. Hupima kama ameweza kuuliza swali moja ambalo halijajibiwa, akalitafutia jibu lenye ushahidi, na akalitetea mbele ya watahini.

Mfano ninaoupenda ni wa John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931. Alipata uzamivu wake Cambridge mwaka 1963, lakini swali alilitoa kwao: Wakamba walipohubiriwa mwisho wa dunia, walisikia nini? Akaanza na vitenzi. Kikamba, alisema, kina njeo tatu za wakati ujao, na hata ile ya mbali kabisa haivuki miaka miwili. Kwa hiyo aliyeambiwa Yesu anarudi alimngoja kwa siku za karibu, si kwa karne zijazo. Mwaka 1969, katika kitabu chake kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alichukua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akayafanya istilahi za kitaaluma. Wengi walimpinga, nami naona alipitiliza alipowavika Waafrika wote vazi la Kikamba. Hata hivyo aliwaachia wapinzani wake hoja ya kushika, na tasnifu nyingi hazifiki hapo.

Anayechunguza maisha ya kiroho ana ugumu zaidi, maana sala haipimwi kwa mizani. Hushika yanayosikika na kuonekana. Uamsho wa Afrika Mashariki, kwa mfano, uliwaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukafika Kenya mwaka 1937. Ndugu wa Uamsho walitubu hadharani, wakizitaja dhambi zao. Mtafiti atauliza ushuhuda ule ulifuata mpangilio gani, nani alithubutu kusimama, na Jumatatu ilipofika nyumbani kulibadilika nini.

Siku hizi si lazima kuvuka bahari. Limuru kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Paulo, Lang'ata kuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki, na mtu wa Buruburu anaweza kusoma huku akilala kwake. Ila pendekezo la utafiti huwakwamisha wengi, kwa kuwa wanaleta mada pana kama bahari, "maombi katika Afrika", badala ya swali. Baada ya hapo kuna kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, hata kama unaowahoji ni waumini wenzako, kisha sura inayorudishwa na msimamizi mpaka uichukie.

Mama yule ameongoza kesha ya akina mama kwa miaka mingi. Juzi nilimwambia kwamba nina mwanafunzi anayetafuta swali, na kwamba huenda liko kwenye kesha yake: saa nane za usiku, anajuaje wakati wa kuacha kuimba na kunyamaza? Alifikiri kidogo. Akasema mwanafunzi aje Ijumaa, na kalamu aiache nyumbani mara ya kwanza.