Je, wajua? Mba haiponi kwa mafuta

Jumamosi alasiri, uani, dada mmoja ameketi mkekani, kichwa kati ya magoti ya shoga yake. Kitana cha mkia kinakwangua, kwaru, kwaru, na unga mweupe unadondoka kwenye kanga nyeusi. Wakimaliza, kopo la mafuta linafunguliwa. "Kichwa chako kikavu mno, shoga." Hapo ndipo ninapoudhika. Mara nyingi kichwa cha namna hiyo hakijakauka hata kidogo. Kina mafuta, na kwenye mafuta hayo mna mlaji.

Mlaji huyo ni fangasi aitwaye Malassezia, jina lililotokana na Mfaransa Louis-Charles Malassez aliyemchunguza karne ya 19. Karibu kila mtu mzima anaye, kwa hiyo tuache kumsingizia kinyozi kwamba katuambukiza mba. Ajabu yake ni kwamba hawezi kujitengenezea asidi za mafuta. Jenomu ya Malassezia globosa iliposomwa mwaka 2007, jeni za kazi hiyo hazikuonekana. Basi anakula ya kwetu. Humwaga vimeng'enya vinavyokatakata mafuta yanayotoka kwenye tezi za ngozi, akala vipande avipendavyo, akatuachia masalia, hasa asidi ya oleiki. Kwa baadhi yetu masalia hayo hupenya ngozi na kuichokoza. Ngozi iliyochokozwa huzalisha seli haraka kupita kiasi, na seli hizo hubanduka kwa mafungu zikiwa bado changa. Huo ndio unga wa kwenye kanga. Ndiyo maana pia mba hushika kasi baada ya balehe, tezi zikishaamka.

Sasa chukua mafuta ya zeituni, ambayo sehemu yake kubwa ni asidi hiyohiyo ya oleiki, umimine juu. Magamba yatalala kwa siku mbili, utadhani umepona, kumbe umeongeza kichokozi kilekile.

Wazee wetu, kwa njia yao, walishaunganisha mambo: mba ni unga wa kichwani, na mba ni yale mabaka ya kifuani na mgongoni msimu wa joto. Maabara nayo inasema ni fangasi wa jenasi moja.

Dawa ipo, shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2, lakini maelekezo yake yana herufi ndogo kama punje za ulezi, tena aghalabu si kwa Kiswahili. Matokeo yake mtu anapaka, anasuuza papo hapo, na pesa yake inaishia mtaroni pamoja na maji ya dumu aliyoyanunua. Ipake kwenye ngozi, siyo kwenye nywele. Tenganisha mistari kwa vidole. Iache dakika 3 hadi 5, ndipo usuuze. Mara mbili kwa wiki, wiki 2 hadi 4. Nywele za kipilipili zikikauka sana, mara moja kwa wiki yatosha.

Mengine kwa ufupi: usikwangue kwa kitana, hasa kabla ya kuweka dawa ya kulainisha nywele, utaungua. Usipake ndimu, huwasha ngozi iliyochubuka. Rasta za miezi mitatu hazisafishiki vizuri. Mba ikishuka usoni na masikioni na haitulii, nenda kituo cha afya, na upime VVU pia, maana mba sugu huweza kuwa dalili yake. Mtoto mwenye vipara vya duara huenda ana mapunye, yanayoambukizwa kweli kwa mashine na vitana, na hayo huhitaji vidonge.