Kimeng'enya Kinachojenga: Istilahi za Fosfeti na Dhiki katika Bakteria

Istilahi "kimeng'enya" imekwisha kuzoeleka katika vitabu vya elimu ya viumbe. Asili yake ni kitenzi "kumeng'enya", yaani kuvunjavunja chakula tumboni hadi kiwe chembechembe. Kwa vimeng'enya vya mate na vya tumbo jina hilo lafaa kabisa. Taabu huanza tunapoingia katika taaluma ya bakteria wa maradhi, kwani humo mna vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kujenga. Katika makala haya tunakusudia kueleza taabu hiyo kwa mfano mmoja, kisha kupendekeza istilahi.

Mfano wenyewe ni polifosfeti, yaani mnyororo wa fosfeti zilizoshikamana, kuanzia tatu hadi mamia. Bakteria wengi huiweka akiba ndani ya seli. Mwaka 1956 Arthur Kornberg na wenzake, huko Marekani, walieleza kimeng'enya cha bakteria Escherichia coli kinachojenga mnyororo huo kwa kutwaa fosfeti ya mwisho ya adenosini trifosfeti. Kimeng'enya hicho ni kinasi ya polifosfeti. Kipo na cha pili, eksopolifosfatasi, ambacho hukata fosfeti mojamoja kutoka kwenye ncha ya mnyororo.

Escherichia coli anapokosa chakula hutengeneza kemikali ya ishara, guanosini tetrafosfeti. Ishara hiyo humzuia mkataji, na kwa kuwa mjenzi angali kazini, akiba huongezeka. Akiba hii ina athari katika maradhi. Pseudomonas aeruginosa, ambaye hushambulia majeraha ya moto, akinyimwa kinasi hiyo hushindwa kujenga utando wake barabara, na ukali wake kwa panya wa majaribio hupungua. Bakteria wa kifua kikuu naye, akipungukiwa na mkataji, hulimbikiza polifosfeti na kuistahimili zaidi dawa ya isoniazidi.

Hapa ndipo uzito wa istilahi unapodhihirika. Mwanafunzi wa uuguzi akisoma "kimeng'enya cha polifosfeti" pasipo maelezo, atadhani kwamba kinaivunja. Akiambiwa kwamba watafiti wanatafuta dawa ya kukizuia, atajiuliza: je, kukizuia si kumhifadhia adui akiba yake? Maana imepinduka kwa sababu ya neno moja.

Je, tuliache neno "kimeng'enya"? Hatuoni haja. Limekwisha kukubalika, na neno huweza kupanuka kuliko asili yake. Lililo wajibu ni kulifasili upya: protini inayoharakisha badiliko la kikemia, liwe la kuvunja au la kujenga, nayo yenyewe isitumike ikaisha.

Je, kinasi tuiite "kijenzi"? Nalo halitoshi, kwa kuwa kimeng'enya hiki huweza kurudi nyuma, kikaitoa fosfeti katika mnyororo na kuirudishia adenosini difosfeti. "Kijenzi" lingesema nusu ya ukweli. Twapendekeza basi "kinasi", kwa sharti kwamba liwekwe katika ngeli ya I-ZI: kinasi hii, kinasi hizi. Asitokee mtu akaandika "vinasi", wala akalinasibisha na kitenzi "kunasa".

Limebaki neno la hali inayomfika bakteria akosapo chakula au akutanapo na dawa. Baadhi huandika "mkazo", lakini neno hilo tayari lina kazi katika fizikia na katika isimu. Sisi twapendelea "dhiki". Kila msemaji wa Kiswahili aijua dhiki, na ajua pia kwamba mwenye akiba huvuka dhiki kwa urahisi kuliko asiye nayo. Ndivyo afanyavyo bakteria huyu.

Walimu, waganga na wafasiri wenye hoja kuhusu mapendekezo haya wanaombwa kutuandikia.