Kibanja Hutunzwa, Rweya Huchomwa

Atokaye mji wa Kayanga, wilayani Karagwe, akielekea Nkwenda wilayani Kyerwa, hupita katikati ya ardhi za namna mbili zipakanazo, moja imefunikwa na migomba na mibuni, na ya pili ni uwanda wa nyasi ambao wakati wa kiangazi aghalabu huwa mweusi kwa moto. Na lau angeuliza sababu, yamkini angejibiwa kwamba udongo si mmoja, ilhali wataalamu wa kilimo wa Kagera wamekwisha kubainisha kwamba rutuba ile ya migombani, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya mikono ya watu.

Ya kwanza ndiyo kibanja. Humo imo nyumba, humo wamezikwa wazee, na hicho ndicho atakachorithi mtoto. Kwa hiyo mwenyewe hukihudumia kwa taadhima, akatia samadi, akatandaza nyasi kavu chini ya migomba, hata ukizifunua kwa kidole katikati ya Agosti utakuta udongo ungali na unyevu. Ya pili ni rweya, iliyo ya wote, na mtu yule yule aliyeinama asubuhi kung'oa gugu moja kibanjani, jioni huitia kiberiti ili ng'ombe wapate majani mapya, wala nafsi haimsuti. La ajabu ni kwamba nyasi zile za matandazo, na samadi ya ng'ombe walishao huko, asili yake ni rweya hiyo hiyo. Yaani kibanja kimenenepa kwa kumkondesha jirani yake.

Wanyambo, wenyeji wa huku, hawakukosa itikadi za kuhifadhi viumbe, kwani koo nyingi zina mnyama wao wa mwiko. Walakini mwiko humfunga mwenye ukoo tu, na jirani huendelea kumla mnyama huyo kwa raha zake.

Wakimbizi wa Rwanda walipoingia mwaka 1994, miti mingi ilikatwa kwa kuni, na lawama zikawashukia wao. Kwa insafu, siwaoni kuwa walikuwa na moyo mbaya kuliko wenyeji: mtu alalaye chini ya turubai, asiyejua kiangazi kijacho kitamkuta wapi, atapanda mti amrithishe nani?

Mwaka 2019 mapori ya akiba ya huku yalipandishwa hadhi yakawa Hifadhi za Taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, nayo yana askari wake. Rweya haina askari. Lakini Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuusimamia na kuvuna mazao yake; basi nawasihi wazee na halmashauri za vijiji katika wilaya hizi mbili waitumie, wapime sehemu za rweya za kuoteshea msitu na kuziandikisha kwa jina la kijiji, ili zipate wenyewe.