Jaji Alipoomba Kuona Pesa

Slaidi ya saba ndiyo tuliyoipenda zaidi. Ilisema kwa herufi kubwa: mauzo ya wiki 8, shilingi 38,000. Tulikuwa wanne, mwaka wa tatu chuoni, na mpango wetu wa biashara ulikuwa rahisi: kuchukua nguo chafu za wanafunzi hosteli, kuzifua na kuzirudisha zimekunjwa. Beseni moja, shilingi 200. Timu zingine zilikuja na ndoto za programu za simu. Sisi tulikuwa na wateja. Tulijiona tumeshashinda.

Kisha jaji mmoja, mama mtulivu ambaye hakuwa ameuliza neno tangu asubuhi, akasema, "Hizo 38,000 naweza kuziona?"

Sasa, pesa zote zilikuwa zikiingia kwa laini ya mwenzetu mmoja. Sababu? Siku ya kwanza simu yake ndiyo iliyokuwa na chaji. Akafungua taarifa ya miamala pale pale. Malipo ya nguo yalikuwemo, lakini yamechanganyika na pesa ya matumizi kutoka kwa mamake, mchango wa harusi ya binamu, nauli, na dau kadhaa za mechi za Jumamosi. Isitoshe, alikuwa amefuliza, kwa hivyo kila mteja alipotuma 200, deni lilijikata kwanza. Hata yeye hakujua tena ipi ni yake na ipi ni ya biashara. Tuliyoweza kuthibitisha ilikuwa 21,400.

Hatukupita raundi hiyo. Jioni, kantini, mmoja wetu alitamka neno "mwizi", na kwa wiki mbili hatukuongea. Hiyo iliuma kuliko kukosa zawadi. Tulipokaa chini hatimaye na kufuata muamala mmoja mmoja, tuligundua hakuna aliyeiba. Mwenzetu alikuwa akinunua sabuni na kulipia maji kutoka pesa hiyo hiyo, kwa noti, bila kuandika popote.

Kama timu yenu inajiandaa kwa shindano kama hili, fungueni till kabla ya mteja wa kwanza. Si lazima muwe kampuni kubwa. Hata dobi wa hosteli anahitaji mahali pa pesa yake. Kubalianeni mapema nani anatoa pesa, na wengine wajue kabla hajatoa. Sabuni nayo ilipiwe kwa simu, ili matumizi yaache alama kama mauzo. Halafu wekeni daftari, ndiyo, la karatasi: jina la mteja, idadi ya beseni, kodi ya muamala. Taarifa ya miamala inaonyesha nani alilipa, haisemi alilipia nini. Na ada ya till iwe kwenye bajeti. Majaji hupenda kuiulizia.

Sisi tulirudi muhula uliofuata. Slaidi ya saba ilikuwa na namba ndogo zaidi, 16,200, na tuliogopa itachekwa. Tulikuwa tumechapisha taarifa ya till, kurasa 4. Yule mama alizipitia na kalamu mkononi, mstari kwa mstari, kisha akatuuliza mbona wiki moja haina hata mteja.

"Mitihani, madam," tukajibu kwa pamoja. "Hakuna mtu alikuwa anafua."