Mgonjwa wa saratani ya matiti aulizwe kuhusu uzazi kabla ya tiba

Wahenga walinena kwamba mgonjwa haulizwi uji. Amhudumiaye humpikia na kumletea pasi na kungoja idhini yake. Kwa uji, methali hii ni ya busara. Lakini katika kliniki zetu za saratani busara hiyo imevuka mpaka, ikaingia katika jambo ambalo mgonjwa hana budi kuulizwa: je, angependa kuzaa baadaye?

Nazungumzia saratani ya matiti, ambayo huwapata wanawake wa Kenya kwa wingi kuliko saratani nyingine zote. Mwaka 2020 pekee ilikadiriwa kuwa wanawake wapatao 6,800 humu nchini waligunduliwa kuwa nayo. Barani Afrika wengi huugua kabla ya kufikia umri wa miaka 50. Miongoni mwao wamo wa miaka thelathini na ushei, walimu na wanafunzi wa vyuo wakiwemo, ambao hawajaolewa au ndio kwanza wamejifungua mtoto wa kwanza.

Msomaji aliyesoma Baiolojia atakumbuka kuwa mwanamke huzaliwa na mayai yake yote. Huanza na milioni moja au mbili. Abaleghepo hubaki na yapata 300,000, na mwili hautengenezi mengine. Dawa kali za saratani zitiwazo mshipani, hasa ile iitwayo siklofosfamidi, huua seli za ugonjwa na kuyaharibu mayai pia. Mwanamke wa miaka 28 ana akiba kubwa, na aghalabu hedhi yake hurejea tiba ikiisha. Wa miaka 42 huenda isirejee kabisa. Hata kwa yule ambaye hedhi imerejea, akiba imepungua, na ukomo wa hedhi waweza kumfikia mapema.

Hatua za kujikinga zipo, ila sharti zianze kabla ya dozi ya kwanza. Mayai yanaweza kupevushwa kwa dawa, yakatolewa na kugandishwa, kazi ambayo huchukua yapata majuma mawili. Jijini Nairobi watoto wa kwanza waliotungwa mimba katika maabara walizaliwa mwaka 2006, kwa hivyo ujuzi wenyewe si mgeni kwetu. Kikwazo ni bei, ambayo hufika mamia ya maelfu ya shilingi, na mshahara wa mwalimu tunaujua. Njia nyingine ni sindano ya goserelini, ambayo hudungwa kila mwezi muda wote wa tiba ili kuzilaza ovari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, kuhusu wagonjwa ambao saratani yao haitegemei homoni, ulionyesha kuwa baada ya miaka miwili ovari zilikuwa zimeacha kufanya kazi kwa wanawake 8 kati ya kila 100 waliodungwa, ilhali kwa wasiodungwa walikuwa 22. Si kinga kamili, lakini ni nafuu ya maana.

Kwa nini basi swali lenyewe haliulizwi? Wengine watataja msongamano wa wagonjwa, na ni kweli. Mimi, ambaye kazi yangu ni lugha, naona pia kasoro katika maneno yenyewe. Muuguzi huuliza, "Una watoto wangapi?" Mgonjwa hujibu, "Wawili." Huandikwa mbili, na ukurasa ukafunguliwa mwingine. Swali hilo ni hesabu ya yaliyopita. Halisemi lolote kuhusu matarajio. Asiye na mtoto naye hulijibu kwa aibu, maana neno "tasa" lamngoja nje ya mlango, nalo katika matumizi yetu humwandama mke kuliko mume. Isitoshe, aliyekwisha kuambiwa kuwa ana saratani huona kuulizia habari ya watoto ni tamaa: anatafutiwa uhai, naye adai na nyongeza! Basi hunyamaza, na daktari akauchukua ukimya huo kuwa ridhaa. Swali lifaalo ni fupi: "Ungependa kuzaa tena?" Liulizwe siku ile ile ya kupangiwa tiba, mgonjwa akiwa peke yake au na amtakaye, si mbele ya mama mkwe.

Tazama pia maneno "kupanga uzazi". Masikioni mwa wengi wetu yana maana moja tu, nayo ni kuzuia. Kwa mwanamke huyu kupanga kuna pande mbili: kuzuia mimba kwa sasa na kuihifadhi nafasi ya kuipata baadaye. Upande wa kuzuia nao una hatari zake. Hedhi ikikoma wakati wa tiba, wengi hudhani mimba haiwezekani tena. Yawezekana. Yai laweza kupevuka kabla hedhi haijarudi, mimba ikaingia wakati ambapo dawa zinaweza kumdhuru mtoto, hasa katika miezi mitatu ya kwanza. Tamoksifeni, kidonge kinachomezwa kwa miaka 5 hadi 10 na wale ambao saratani yao hustawishwa na homoni, haizuii mimba, wala haimfai mjamzito.

Mwanamke huyo akienda zahanati ya karibu kutafuta kinga, yaelekea atapewa kile wapewacho wenzake: sindano ya miezi mitatu au kijiti cha mkononi, njia mbili zinazotumiwa sana nchini. Zote ni za homoni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaziweka, pamoja na vidonge, katika daraja la 4 kwa mwenye saratani ya matiti, yaani zisitumiwe. Hata miaka 5 ikipita bila dalili ya ugonjwa, bado zimo katika daraja la 3, kwa kawaida hazipendekezwi. Koili ya shaba, isiyo na homoni, iko daraja la 1. Kondomu nazo zipo, na mume anaweza kufungwa mirija ikiwa wameamua kutozaa tena, ingawa waume wa kwetu wakisikia hivyo huaga haraka. Lakini muuguzi wa zahanati atajuaje, ikiwa mgonjwa amemficha maradhi yake?

Kuna na hofu kwamba mimba huiamsha saratani iliyolala. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya utafiti wa wanawake zaidi ya 500 kutoka nchi 20, wote wa miaka 42 au chini ya hapo. Walikuwa wametumia dawa za kupinga homoni kwa miezi 18 hadi 30, kisha wakazisitisha kwa muda usiozidi miaka miwili ili wazae. Katika miaka mitatu ya kwanza saratani iliwarudia wapatao 9 kati ya kila 100, kiasi kile kile cha wagonjwa waliolinganishwa nao. Karibu thuluthi mbili walijifungua. Watafiti wangali wanawafuatilia, kwani saratani ya aina hii huweza kurudi baada ya miaka mingi, na wala matokeo hayo hayampi mtu ruhusa ya kuacha vidonge bila ya daktari. Mtoto akizaliwa, aweza kunyonyeshwa titi lisilougua, na mama akishamwachisha huvirudia vidonge vyake.