Distribyuta Ikigoma Kukaa, Usiikaze

Bolti inayoshikilia distribyuta ina kazi moja: kuizuia isizunguke wala kupanda ikishakaa mahali pake. Haikuwekwa pale ili kuivuta ishuke. Lakini tembelea gereji za jua kali, Kakamega au kwingineko, na hutakosa fundi aliyeona pengo la milimita chache juu ya bloku akachukua spana na kukaza. Mara nyingine bahati humsaidia, mambo yakajipanga yenyewe starta inapozungusha injini. Bahati hiyo ndiyo iliyoifanya tabia hii idumu.

Magari yenye kifaa hiki yanazidi kuzeeka. Kanuni ya KS 1515 ya mwaka 2000 hairuhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka 8, na magari ya petroli yanayoshuka Mombasa siku hizi yana koili kwa kila plagi. Distribyuta tunazokutana nazo ni za TownAce zenye injini ya 5K, Corolla za 5A na wenzao wa rika hilo, magari yaliyopita mikono mingi. Mvua ya Kakamega nayo haiyahurumii. Unyevu ukiingia ndani ya kifuniko, moto huruka ovyo na injini ikaanza kumisi. Hapo mtu hung'oa distribyuta nzima, ilhali kifuniko pekee kingefunguliwa, kikakaushwa na kukaguliwa nyufa. Kama oili haivuji kwenye shingo yake na bushi haijalika, iache ilipo.

Ikiwa imekwisha kutoka, jua kwanza ni ya aina gani. Kwenye 5K, distribyuta husimama wima ikiwa na gia yenye meno ya mshazari inayozungushwa na kemshafti, na ncha yake ya chini hukamatana na shafti ya pampu ya oili. Kwa hiyo vitu viwili lazima vikubaliane kwa wakati mmoja. Gia ikiingia huku ulimi wa chini haujaelekeana na mfereji wa pampu, distribyuta itabaki juu kidogo, na hakuna nguvu halali itakayoishusha. Ukikaza bolti, utapasua sikio la distribyuta au utapinda shafti. La kutisha zaidi ni kwamba pampu inaweza kubaki haizunguki, na injini isiyopata oili huua berini zake upesi kuliko mwenye gari atakavyogundua.

Anza upya. Toa plagi ya silinda ya kwanza, ziba tundu kwa kidole, zungusha injini kwa spana kwenye bolti ya pulei hadi upepo ukisukume kidole, kisha fikisha alama ya pulei kwenye taimingi. Kidole ni muhimu kwa sababu krenki huzunguka mara mbili kila distribyuta inapozunguka mara moja. Alama ile hufika tena pistoni ikimaliza kutoa moshi, na ukiamini alama peke yake, rota inaweza kuelekea upande wa pili kabisa. Sasa chungulia shimoni kwa tochi, na kwa bisibisi ndefu geuza shafti ya pampu ielekee pale ulimi utakaposhukia. Kumbuka kwamba meno ya mshazari huizungusha rota inaposhuka, hivyo ianzishe nyuma kidogo ya mahali unapotaka iishie.

Ikibaki milimita chache, iwekee mkono bila kuisukuma, mwenzako azungushe krenki taratibu upande wake wa kawaida. Ulimi ukifika kwenye mfereji, utaisikia ikidondoka. Rudisha injini kwenye alama, kidole kikiwa tena kwenye tundu, uangalie kama rota inaelekea waya wa kwanza. Imepishana jino moja? Itoe tena, kuzungusha mwili wake ili kufidia ni kujidanganya.

Corolla ya 5A ni nyepesi zaidi. Distribyuta yake hulala kwenye kichwa cha injini na kushikwa na ncha ya kemshafti yenyewe, kwa meno yaliyokaa pembeni mwa kati makusudi ili yaingie kwa namna moja tu. Ikikataa, zungusha shafti yake nusu mzunguko.

Kama yote haya yako sawa na bado inagoma, shuku o-ringi kavu au nene kupita kiasi, gasketi ya zamani iliyoachwa chini, au kipande kilichonunuliwa kwenye gari la kukatwa ambacho ni cha injini nyingine. Linganisha na ya zamani: urefu wa shafti, idadi ya meno, umbo la ncha.

Kabla ya kuwasha, chomoa waya mdogo wa koili, piga starta kwa vipindi vifupi na utazame taa ya oili. Isipozimika, usirudishe waya huo. Toa distribyuta na uchungulie tena shafti ya pampu.