Siku Nne za Arusi ya Wapatel

Mwezi wa Desemba uliopita, mzee mmoja wa Kihindi hapa Kisumu, wa jamaa ya Wapatel, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi ya hesabu ofisini kabla hajastaafu, alifika nyumbani kwangu jioni na bahasha nyekundu mkononi. Alipokwisha kunywa chai alisema, "Kijana wangu, binti yangu anaolewa. Sikualiki kwa siku moja. Nakualika kwa siku zote nne. Tena nina kazi ya kukupa. Wewe ndiwe utakayeshika daftari la zawadi."

Nilimjibu, "Mzee, nitafika pasipo kukosa," lakini moyoni nilishangaa. Arusi zetu siku hizi huanza kanisani asubuhi, keki hukatwa alasiri, na ifikapo magharibi wageni wamekwisha kutawanyika. Siku nne ni za nini? Kama wengi wetu, nilidhani ni fahari tu ya watu wenye fedha.

Yafaa kwanza msomaji awajue watu hawa. Wengi hudhani kwamba kila Mhindi wa Kenya ni mjukuu wa waliojenga reli. Sivyo. Reli ilifika hapa ziwani mwaka 1901, na wengi wa vibarua wake walitoka Punjab, kisha wakarudi kwao. Wapatel walio wengi asili yao ni nchi ya Charotar katika Gujarat, nao walikuja kwa biashara na kazi za ukarani. Huko kwao ni wakulima, hodari hasa kwa tumbaku, na neno lenyewe "patel" lilikuwa cheo cha mzee wa kijiji. Hata katika kuoana wana sheria zinazofanana na zetu. Vipo vijiji sita vya Charotar, kama vile Nadiad, Karamsad na Dharmaj, ambavyo tangu zamani watu wake walioana wao kwa wao. Lakini kijana hakuruhusiwa kuoa msichana wa kijiji chake mwenyewe, maana huyo huhesabiwa kuwa ndugu yake. Mkulima wa Nyanza au wa Meru hahitaji kuelezwa zaidi.

Siku ya kwanza, Alhamisi, ilikuwa ya maombi na ya manjano. Kasisi wao, aitwaye maharaj, alimwomba Ganesh, mwenye kichwa cha ndovu, ambaye Wahindu humwita mwenye kuondoa vizuizi. Kazi yo yote kubwa haianzi bila yeye. Kisha bibi arusi aliketishwa juu ya kibao, na wanawake wa jamaa wakampaka usoni, mikononi na miguuni manjano yaliyochanganywa na unga wa dengu na marashi ya waridi. Shangazi alipaka, bibi alipaka, jirani alipaka. Nilimwuliza kijana mmoja kwa nini mtu mmoja asiimalize kazi hiyo kwa dakika tano. Alinicheka, akasema, "Bwana, hapo wengine wangekuwa wamekuja kufanya nini?"

Jibu hilo sikulifahamu mpaka kesho yake.

Siku ya pili ni siku ya mjomba. Nilipokuwa nikipanga daftari, mwenye arusi aliniambia, "Andika mbele kabisa: Mama, kutoka Leicester." Nikaandika, nikamngoja mama huyo. Kumbe kwa Kigujarati neno "mama" maana yake ni mjomba! Tena "kaka" ni baba mdogo, na "dada" ni babu mzaa baba. Msomaji afikiri jinsi karani wa Kiswahili alivyotaabika siku ile, akiambiwa kwamba dada ameketi pale, naye akiona mzee mwenye mvi na fimbo.

Huyo mjomba ndiye anayeleta nguo ya kuolewa, sari ya hariri nyeupe yenye pindo jekundu, pamoja na bangili za bibi arusi. Zamani bangili hizo zilikuwa za pembe za ndovu. Lakini tangu mataifa yalipokubaliana mwaka 1989 kuikataza biashara ya pembe, wengi huvaa za plastiki, na hakuna aliyelalamika mbele yangu. Zawadi hiyo ya mjomba haiwezi kutolewa na baba, hata akiwa tajiri namna gani.

Basi saa ikafika, na mjomba hakuonekana. Ndege yake ilikuwa imechelewa. Wanawake walikwisha kupakwa hina, chakula kilipoa, na wazee wakaanza kusemezana kwamba mjomba wa ukoo, aliyekuwapo pale, asimame mahali pake. Mama wa bibi arusi alikataa. Hakupiga kelele, alivuta kiti akakiweka mlangoni, akakaa.

Jirani yangu alinisimulia habari zao. Ndugu hao wawili walizaliwa Jinja. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku tisini kuondoka Uganda, kaka alikuwa kijana wa miaka kumi na minane na dada mtoto wa miaka minane. Nyumba na duka vikabaki nyuma, wakaenda Uingereza. Baba yao hakuishi sana huko, na kijana yule akafanya kazi kiwandani usiku ili dada asome. Baadaye dada akaolewa Kisumu, akarudi kuliona ziwa lile lile kutoka upande mwingine.

Yule mzee aliingia saa mbili za usiku, amechoka, sanduku moja mkononi. Hakukubali mtu amchukulie. Dada yake alimpaka alama nyekundu kwenye paji la uso, na hapo wote wawili hawakuweza kusema neno. Watu karibu mia mbili walinyamaza kwa ajili yao. Ndipo nilipofahamu yale maneno ya kijana wa jana. Arusi hii imegawanywa kama kazi ya shamba: shangazi ana siku yake, mjomba ana siku yake, ndugu wa kiume ana kazi yake mbele ya moto. Jamaa hawa wametawanyika Kisumu, Nairobi, Leicester na Gujarat, na ukiipunguza arusi ikawa ya siku moja, kuna mtu atakayekuwa amevuka bahari ili aangalie tu.

Jumamosi usiku ilikuwa ngoma. Wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto, huzunguka kwa duara wakipiga makofi, kisha hushika vijiti viwili viwili na kuvigonganisha na vya jirani. Mimi nilijaribu, nikapigwa vidole. Sitaeleza zaidi.

Chakula nitakitaja kwa ufupi, ingawa hakikuwa kidogo. Hapakuwa na nyama wala pombe siku zote nne. Wageni wawili kutoka ofisini walifika Jumapili wakitazamia mbuzi, nao walitazamana kwa huzuni kubwa mpaka walipoonja maharagwe, wali, mboga zenye viungo, achari, jalebi na ladu. Mmoja wao alirudi kujipakulia mara tatu.

Jumapili bwana arusi alikuja kwa maandamano na ngoma, watu wake wakicheza mbele ya gari. Mlangoni alipokewa na mama mkwe, naye akajaribu kumshika pua na kuivuta, ili akumbuke kwamba amekuja kuomba binti, hivyo asijivune. Kisha bwana arusi akavunja kwa mguu vyungu vidogo vya udongo, akaingia. Alipovua viatu, wadogo zake bibi arusi waliviiba mara moja, na baada ya ibada wakadai fedha. Walishindania bei kwa muda mrefu kama watu wa sokoni. Niliuliza kama niandike kiasi hicho daftarini, nikakatazwa kabisa.

Chini ya kibanda chenye nguzo nne waliketi mbele ya moto mdogo uliotiwa samli. Kwanza pazia la kitambaa liliwatenga. Mjomba wa Leicester ndiye aliyemleta bibi arusi kwa mkono, polepole. Pazia likaondolewa, wazazi wakaitoa mikono ya binti yao, ikaunganishwa na ya mume. Wakauzunguka moto mara nne, na kila mara ndugu wa kiume akamtilia bibi arusi nafaka mikononi ili itolewe motoni. Mwisho walikwenda hatua saba, kila hatua na ahadi yake. Sheria ya India ya mwaka 1955 husema kwamba pale inapofanywa ibada hiyo, ndoa hutimia hatua ya saba inapokwisha kukanyagwa. Hapa kwetu Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 huitambua ndoa ya Kihindu sawasawa na ya Kikristo, ya Kiislamu, ya kiserikali na ya kimila.

Kuhusu mahari nilisita kuuliza, lakini mzee mwenyewe alilianza jambo hilo. Kwetu sisi mahari hutoka upande wa mume. Kwao desturi ya zamani ilikuwa mali kutoka kwa baba wa binti, na wengi waliangamia kwa madeni. India iliikataza kwa sheria ya mwaka 1961, ingawa bado wapo waifanyao kwa siri. "Sikuombwa kitu," aliniambia, "na kama ningeombwa, wangerudi na ngoma yao." Mimi nilimwamini. Hata hivyo gharama ya kuwalisha watu siku nne si mchezo, naye hakuficha kwamba aliweka akiba miaka mingi.

Jioni ilipofika saa ya kuaga, kelele zote zilikoma. Binti alimkumbatia baba yake, na yule mzee, ambaye sikupata kumwona akitetereka hata siku ya ukaguzi wa hesabu, alilia mbele ya watu wote. Nazi iliwekwa chini ya gurudumu la gari. Gari likaenda, nazi ikapasuka.

Jumatatu nililipeleka daftari. Kila zawadi ya fedha ilikuwa na shilingi moja ya juu, mia moja na moja, elfu moja na moja, kwa maana hesabu inayoishia sifuri ni kama imefungwa. Mzee akatoa sandukuni daftari jingine, la arusi yake mwenyewe, kurasa zimegeuka rangi. Tuliyaweka pamoja juu ya meza, akaanza kulinganisha majina, nani alirudisha, nani bado anadai, nani amekufa na mwanawe ni nani. Alipofika kwenye jina langu, shilingi mia tano na moja, alichukua kalamu akaandika kitu pembeni kwa Kigujarati. Nikamwuliza ameandika nini.

"Majina ya watoto wako wawili," alisema. "Yule mdogo ana miaka mingapi sasa?"